Kulala kwenye Noah, Hiace au Every: maswali ambayo kila mtu ananiuliza

Mi ni mtu wa minada. Nauza vyombo vya plastiki na vitenge, Jumamosi unanikuta Msalato hapa Dodoma, siku zingine niko njia ya Singida huko, na usiku tatu au nne kwa wiki nalala kwenye Noah yangu. Watu wakishaona godoro mle ndani maswali yanaanza, wengine wafanyabiashara kama mimi, wengine wanataka tu kuzunguka na familia zao mpaka Lushoto au Matema kule Ziwa Nyasa. Majibu karibu yanafanana kwa wote, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja nipumzike.

Kwani gesti zimeisha?

Zipo. Ila siku ya mnada gesti ya karibu imejaa, na ukiipata ya mbali unalala huku mzigo uko nje kwenye gari, kila mbwa akibweka unaamka kuchungulia dirishani, sasa hapo umelipia kitanda cha nini? Mi nilianza kwa sababu hiyo, hela ya chumba ilikuja kuonekana baadaye. Kama safari zako ni mbili kwa mwaka, lipia gesti tu, gari usiiguse.

Nichukue gari gani?

Hili ndo swali kuu na watu wanataka niwatajie jina moja, haiwezekani, inategemea urefu wako, mzigo wako na mfuko wako.

Noah ya zamani, ile SR40 ya 1996 mpaka 2001, ndo ninayo. Spea zipo kila kona, fundi wa kijijini anaijua kwa kufumba macho, injini inasukuma matairi ya nyuma kwa hiyo ukiwa na mzigo kwenye vumbi inatulia. Ubaya wake, injini imekaa chini ya siti za mbele. Ukitoka Dar mpaka Dodoma moja kwa moja ukapaki na kulala, lile joto linapanda kwenye sakafu karibu saa nzima, kama umelala juu ya chungu cha maharage. Mi nikifika nafungua milango yote nakula kwanza. Ukihitaji ya kuvuta tairi nne, hiyo ni SR50. Noah za kuanzia 2001 zinavuta mbele na injini iko kwenye boneti, sakafu haichemki, ila ziko chini kidogo, njia za mashimo zitakuongelesha.

Hiace ndo mfalme wa kulala, sibishi. Ile ya bodi iliyoanza 2004, yenye urefu wa mita 4.7 hivi, ukichukua ya mizigo unapata karibu mita 3 za sakafu nyuma ya siti za mbele, yaani mtu mrefu analala na miguu imenyooka na bado begi na majiko yanakaa. Ila bei yake, na ukichukua iliyokuwa daladala jiandae, sakafu imetobolewa matundu ya siti kila mahali na kutu imeshaingia, chini ya kapeti utakuta karibu unaiona lami.

Suzuki Every, ndugu yake Carry tunayoiita kirikuu, nayo watu wanaidharau bure. Cc 660, urefu wote mita 3.4, upana hata mita 1.5 haifiki, hivyo ndo Wajapani walivyoweka sheria ya vigari vyao vidogo. Lakini siti za nyuma zinalala chini kabisa unapata sakafu tambarare. Mtu mmoja wa urefu wa kawaida analala vizuri, wawili wawe wanapendana kweli. Mlima Kitonga utapanda nayo, utafika, lakini malori yatakuwa yanakupigia honi.

Probox inalalika ila hukai wima, mi siiwezi.

Nipime nini kabla ya kutoa hela?

Nenda na futi ya fundi, ila kipimo cha kweli ni wewe mwenyewe. Vua viatu, lala mle ndani mbele ya muuzaji, atacheka, mwache acheke. Unatakiwa unyooke na ubaki na kama kiganja kimoja kichwani na kimoja miguuni. Halafu kaa kwenye benchi ya mbao umwambie mtu akupime kutoka kwenye benchi mpaka utosini, watu wazima wengi tunaangukia sentimita 85 mpaka 95. Hiyo namba ndo nafasi unayohitaji kati ya juu ya godoro na paa, ukiikosa utakuwa unavaa suruali umelala kila asubuhi, mwezi wa kwanza unachekesha, mwezi wa tatu unaichukia gari.

Baada ya hapo washa injini, funga vioo vyote, kaa nyuma dakika kumi na unuse. Ukisikia harufu ya moshi ndani, hata kidogo, ekzosi inavuja au raba za mlango wa nyuma zimechoka. Kwa mtu wa kuendesha tu hiyo ni kero, kwa mtu wa kulala ni kifo, ama itengenezwe ama uiache. Funua kapeti utazame kutu, mwaga ndoo ya maji juu ya paa uone kama yanaingia, na ule mlango wa kuvuta uufungue na kuufunga hata mara ishirini, rola zikiisha ni usumbufu kila siku maana hapo ndo mlango wako wa nyumba.

Niagize Japani au nichukue ya mkononi?

Kwa Tanzania gari kuukuu inaingia ila umri ukizidi unaongezewa kodi ya uchakavu, kwa hiyo kuagiza Noah ya miaka ya tisini haina maana, tafuta hapahapa ya mtu aliyeitunza. Wenzetu wa Kenya mlango wenu ni mwembamba zaidi, iliyozidi miaka 8 haiingii kabisa. Na msidanganyike na namba, mtu anakwambia “hii namba D” kana kwamba namba ndo injini, namba inakwambia gari imesajiliwa lini huku, haikwambii ilitembea kilomita ngapi kule.

Nikishanunua nianze kujenga nini?

Usijenge kitu. Toa siti, tupa godoro sakafuni, lala usiku kumi kwanza. Najua unataka makabati kama yale ya video za Wazungu, yana sinki na taa za rangi, lakini wale wanapaki kwenye ubaridi na bomba la maji liko karibu, wewe unaenda kupaki Manyoni kwenye vumbi. Baada ya usiku kumi utajua unalala kichwa kikiwa upande gani, unashuka mlango upi usiku kwenda kukojoa, simu unaiweka wapi. Mi nilijenga kwanza nikalala baadaye, sasa soma yaliyonikuta hapo chini.

Kitanda kinatengenezwaje?

Cha kwanza nilichonga kwa fundi selemala mmoja, fundi mzuri kabisa wa samani za ndani, akanitengenezea kitanda cha mninga na droo mbili, kinang'aa, ungekiona ungesema cha maharusi. Tulikibeba watu wanne. Nikapakia na vyombo vyangu, Noah ikakaa chini nyuma, taa za mbele zikawa zinamulika ndege badala ya barabara, na ndani ya miezi michache springi za nyuma na shokapu zote chali. Kosa halikuwa la fundi, mi ndo sikumwambia kitu kinaenda kwenye gari.

Cha sasa ni fremu ya skwea paipu nyembamba ya inchi moja, fundi wa kuchomelea aliimaliza siku moja, juu plaiwudi ya milimita 12. Usiweke ya 18, kipande kizima cha futi 4 kwa 8 kinaelekea kilo 30 na hupati faida, bora hiyo 12 na uwekee mabomba ya kushikilia kila sentimita 40. Kimo nimekipandisha kidogo tu kupita yale matao ya matairi, maana hapo katikati ya matao ndo gari inabana, ukiweka juu yake unapata upana wote na chini unapata sehemu ya mzigo. Usipandishe zaidi ya hapo, kumbuka utosi wako.

Plaiwudi itobolewe matundu, makubwa kama kifuniko cha soda, kila baada ya kiganja. Godoro lazima lipumue kwa chini, la sivyo baada ya mwezi ukilinyanyua unakuta ukungu mweusi na harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo.

Kufunga fremu, tumia matundu ya bolti za siti ulizotoa, yalishawekwa na kiwanda na yana nguvu. FUNDI ASITOBOE SAKAFU KABLA HAJAINGIA CHINI YA GARI KUTAZAMA. Huko chini kuna tenki la mafuta, kuna mabomba ya breki, na drili haiulizi. Kelele za bomba kugonga bodi zinaisha ukizungushia vipande vya mpira wa tyubu, kwa fundi baiskeli unapewa vya bei ya maji.

Jambo moja ambalo karibu wote wanalisahau: uweze kutoka kitandani mpaka siti ya dereva bila kushuka nje, kwa hiyo usiweke ubao wa kuziba katikati. Na mlango wa nyuma kwenye gari nyingi za Kijapani haufunguki kutoka ndani, mwambie fundi akufungie kamba au waya kwenye ile loki uweze kuvuta ukiwa umelala. Ikitokea moto au mlango wa pembeni ukagoma, hiyo kamba ndo mlango wako.

Godoro gani?

Magodoro yetu yanakuja futi 6 kwa urefu, yaani sentimita 183, na upana futi 2 na nusu, 3 na nusu, 4, na kuendelea. Chukua gumu la inchi 4 au 6, laini la inchi 10 linakula nafasi ya kichwa chako na njia ya mashimo inalikanyaga linakuwa chapati. Kulikata ni kisu kirefu cha mkate kilichonolewa, pole pole, usikate kwa msumeno linachanika. Mi nimelikata vipande viwili ili mchana nikunje kimoja nipate pa kukaa na pa kuweka mzigo.

Ndani hakuna hewa, nafanyaje?

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Kitanda hata mabox yatatosha, hewa ndo inaamua kama utalala.

Safari yangu ya kwanza Singida niliogopa wezi nikafunga vioo vyote. Saa tisa usiku naamka kichwa kinagonga kama ngoma, nguo zimelowa, nikishika paa linatiririka maji, nikadhani mvua imeingia. Haikuwa mvua, ilikuwa pumzi yangu. Watu wawili wakilala mle ndani usiku kucha wanatoa karibu nusu lita ya maji kwa kupumua na jasho tu, nayo yanaenda kukaa kwenye bati na vioo.

Dawa yake ni hewa iingie upande mmoja itoke upande mwingine, dirisha moja tu halisaidii. Fungua vidole viwili mbele kushoto na vidole viwili nyuma kulia, au mlango wa nyuma uuache kidogo na uufunge kwa mnyororo mfupi wenye kufuli. Nunua zile kinga mvua za plastiki za juu ya madirisha, unaacha kioo wazi hata mvua ikinyesha na mtu wa nje haoni kama kiko wazi. Halafu feni ndogo ya kuchaji, iweke itoe hewa nje, isikupulizie usoni, utashangaa tofauti.

Joto la mchana linaingia zaidi kwenye vioo na paa. Pwani huko Tanga au Bagamoyo, gari iliyokaa juani mpaka saa kumi na mbili jioni inabaki tanuri mpaka saa nne usiku, kwa hiyo paki kivulini kuanzia mchana kama unaweza, vioo vizibe kwa zile karatasi za kung'aa ukigeuza upande wa fedha nje. Kwenye paa, kama una bajeti, toa lile dari, bandika sponji ile ya kung'aa upande mmoja, rudisha dari.

Si niwashe tu injini nilale na AC?

Hapana. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, unasinzia na huamki. Gari ikiwa imesimama karibu na ukuta au kwenye banda ni mbaya zaidi kwa sababu moshi unarudi.

Na jiko la mkaa, kupasha tu, likishaiva moto?

Hapana pia, na hili naomba tuelewane maana ndo linaua watu kwenye vyumba kila msimu wa baridi. Mkaa mwekundu usiotoa moshi ndo unaotoa hiyo hewa ya sumu kwa wingi, hata ule unaoonekana umekaribia kuzima. Usiuingize ndani ya gari hata dakika. Pika nje, mlango wa nyuma ukiufungua juu unakuwa kibanda kizuri, mtungi wa gesi wa kilo 6 usimame wima, ukimaliza funga valvu kabisa na safirisha umefungwa kamba. Mi siku nyingi sipiki kabisa, mnadani kuna nyama choma.

Baridi je?

Dodoma mwezi wa sita na wa saba upepo unakata, na Njombe au Makete usiseme. Blanketi mbili, moja CHINI yako juu ya godoro maana baridi inapanda, soksi, na chupa ya soda yenye maji moto miguuni. Na hewa bado iache, hata kidole kimoja.

Mbu?

Wavu wa chandarua kata uvalishe mlango mzima wa gari kama soksi, kutoka juu, ndipo ushushe kioo. Mlango wa kuvuta haukubali soksi, huo mi nimeshonea pazia la wavu lenye sumaku ndogo ndogo pembeni, linanata kwenye bodi. Washa taa baada ya kufunga wavu, sio kabla.

Umeme nifanyeje bila kukuta asubuhi gari haiwaki?

Usitumie betri ya gari. Ile imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ya kupiga stata, ukiinyonya usiku kucha mara kadhaa inakufa. Weka ya pili.

Piga hesabu kabla hujaenda dukani. Feni ya wati 10 kwa masaa 8 ni 80, simu mbili tuseme 30, taa ya LED ya wati 5 kwa masaa manne ni 20, jumla wati-saa 130 kwa usiku. Betri ya sola ya kawaida ya 12V na 50Ah, zidisha 12 kwa 50, ina wati-saa 600, ila hizi za maji na za jeli usishuke chini ya nusu, kwa hiyo 300 ndo zako. Usiku mbili bila kuchaji, kwa mfanyabiashara inatosha kabisa. Ukiweka ya lithiamu unatumia karibu yote na ni nyepesi, bei ndo itakusimamisha.

Friji ni habari nyingine. Zile za kompresa zinakula wati 45 hivi na kwenye joto letu zinazunguka hata nusu ya siku, hapo ni zaidi ya 500 kwa siku, sasa unaongelea lithiamu ya 100Ah na paneli ya wati 200 juu ya paa. Kama huuzi samaki au dawa za mifugo, nunua barafu.

Kuchaji, ama paneli na chaja kontrola, kile kifaa kinachozuia betri isichajiwe kupita kiasi, ama kutoka kwenye altaneta kupitia rilei inayotenganisha betri mbili injini ikizimwa. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, ndani ya kiganja kimoja na nusu, kwa sababu waya ukichubuka katikati ya safari bila fyuzi unawaka chini ya godoro lako. Na betri ya maji usiifungie chini ya kitanda, ikichajiwa inatoa gesi inayoshika moto, iwe na tundu la kutolea nje.

Nipaki wapi usiku?

Walipo madereva wa malori. Chalinze, Ruaha Mbuyuni, Makambako, hawa watu wameshachagua kwa niaba yako, kuna mlinzi, kuna mama ntilie, kuna bafu la kulipia. Sheli kubwa yenye taa nayo sawa, ila omba, tafuta msimamizi, salimia, nunua mafuta kidogo, umwachie mlinzi cha chai. Usipaki ukajificha nyuma ya tenki mtu akakukuta usiku.

Kijijini ni tofauti kabisa. Gari ngeni ikilala kwenye kichaka, pazia zimefungwa, watu watajua ni mwizi wa ng'ombe tu. Fika kabla ya jua kuzama, uliza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, jitambulishe, sema unalala mpaka lini. Sijawahi kukataliwa, na mara mbili nimeletewa ugali. Hifadhini kama Mikumi, barabara kuu inapita katikati ila sio pa kulala, ama lipia kambi yao ama vuka.

Popote ulipo pua ya gari itazame njia ya kutokea, funguo sehemu ile ile kila siku, na mtu mmoja nyumbani ajue uko wapi.

Trafiki na TRA wanasemaje?

Kadi ya gari inaeleza gari yako ni ya aina gani na ina siti ngapi. Kitanda kinachotoka kwa bolti nne sijasumbuliwa nacho, ila ukibadili muundo, ukakata paa au kubadili rangi, hiyo pitia TRA kwanza kadi ibadilishwe, na kampuni ya bima uwaambie, maana siku ya ajali ndo watasoma kila mstari. Gari ikitembea hakuna mtu kulala kule nyuma, hata mtoto, hata “hapo karibu tu”.

Choo?

Mchana unanunua soda unaomba. Usiku, kopo la lita tano lenye mdomo mpana na mfuniko wa kukaza, kwa wanaume na wanawake, mke wangu ndo alilichagua. Dumu la lita 20 la maji lisikose.

Mkeo anakubali kulala humo?

Safari mbili alikubali, ya tatu akasema yeye atalala na vitenge na mi nilale na masufuria. Tukaongeza upana wa kitanda sentimita 20.

Noah unaiuza?

Hapana jamani.